Sime, olalem au "seme"? Panga na visu vya jadi tuviite majina ya wenyewe

#1 Noleo_la_Kale (mleta mada)

Kwema wakuu?

Kuna jambo linanikera kila nikipitia matangazo ya vitu vya kale, yawe ya wauzaji wa Arusha na Mji Mkongwe au ya minada ya Ulaya. Kisu kimefuliwa na mhunzi wa Kiafrika, kimevaliwa na mtu aliyekuwa na jina lake la kukiita, halafu kinaandikiwa neno ambalo huyo mtu angelisikia angeuliza, "ndiyo nini hiyo?" Na sisi tunanakili hivyo hivyo kwa sababu ndivyo kilivyoandikwa kwenye kitabu cha mzungu.

Tuanze na unaojulikana kuliko wote, upanga mfupi wa Wamaasai. Wakusanyaji silaha wa ng'ambo wanauandika "seme". Hilo ni neno letu, sime, limepinda njiani. Mmaasai mwenyewe anasema olalem. Kwa hiyo anayetangaza "seme ya Kimaasai" amechukua neno la Mswahili, akalikosea, kisha akamvisha Mmaasai. Na hawaishii hapo. Upanga wa Mkikuyu, wa Mkamba, wa Mmeru, wa Msamburu, yote ni "seme" kwao, na wenye mali hawajaulizwa.

Kongo hali ni mbaya zaidi. Tafuta visu vya Wamangbetu wa huko Uele, vile vilivyopinda kama mundu, vingine vina mpini wa pembe za ndovu. Utavikuta vimeandikwa "trumbash". Aliyelitangaza neno hilo ni Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyefika kwa mfalme Munza wa Wamangbetu mwaka 1870. Lakini ukimsoma vizuri, yeye mwenyewe anasema ni neno la Sennar, Sudan, ambako lilitumika kwa silaha zote za kurusha, na kwamba kwa haki lilikuwa la kipande bapa cha mti cha kurushia ndege na sungura. Ona sasa safari yake: kijiti cha kuwindia sungura Sudan kimekuwa jina la kisu cha heshima cha Mmangbetu, kisu ambacho hata hakirushwi! Waliomfuata walibeba neno wakaacha maelezo.

Zanzibar nayo imebebeshwa mtoto asiye wake. Vitabu vya silaha vya Ulaya vya karne ya 19 vilichora panga fulani zenye mpini wa umbo la herufi I, vikaandika chini yake "Zanzibar". Wengine wakanakili. Zile ni za Morocco, kwao zinaitwa sboula, na Mfaransa Charles Buttin alishalisahihisha kosa hilo zamani. Bado hadi leo utakutana na muuzaji anayekuapia kwamba upanga wake ni wa Unguja.

Ajabu ni kwamba pwani hatukuwa maskini wa majina hata kidogo. Fungua kamusi za zamani za Kiswahili: upanga wa feleji, ule mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili, upanga wa imani, mfupi, kitara, uliopinda, jambia, hanjari, sime, shembea, kisu kilichopinda. Kila kimoja kina umbo lake na mahali pake. Leo vyote ni "upanga wa Kiarabu" au "kisu cha Kiarabu", tumemaliza.

Ninachopendekeza ni hiki. Anayeandika, anayeuza au anayehifadhi aanze na jina wanalotumia wenyewe, aseme ni wenyewe wa wapi, kisha aseme kazi yake. Kama jina halijulikani, andika "kisu cha kuchinjia, Singida" na uishie hapo. Kuna wauzaji wameanza kubuni majina ya "asili" ili bei ipande, mara upanga wa chifu, mara kisu cha tambiko. Hiyo ni chai, na ni mbaya kuliko "seme", maana "seme" angalau unaweza kuifuatilia ilikotoka.

Nawasilisha. Leteni majina ya kwenu.

#2 Kijana_wa_Tegeta

Uzi mrefu kama upanga wa feleji wenyewe. Mkuu, sime ipo kwenye kamusi na sisi ni Waswahili. Nikimwambia mtu "sime ya Mmaasai" nimekosea wapi? Kwani Mmaasai akisema Kimaa chake anaita vitu vyetu kwa majina yetu?

#3 Noleo_la_Kale

Hujakosea popote. Ukizungumza Kiswahili, sime ni neno lako halali. Shida inaanza unapoandika kwamba "Wamaasai huuita sime". Hapo umesema jambo lisilo kweli. "Sime ya Kimaasai, wenyewe huiita olalem" inatosha, na herufi hazilipiwi.

#4 Layoni_wa_Longido

Mleta mada umenena. Ngoja niongeze kitu kidogo ambacho wengi hawakijui.

Kwetu mzizi ni mmoja. Kisu cha kawaida ni enkalem. Upanga ni olalem. Kinachobadilika ni kile kitangulizi: en- kwa kitu kidogo, ya kike, na ol- kwa kikubwa, ya kiume. Sasa mtu akikuuzia kisu kidogo cha kuchunia ngozi akakuandikia "olalem", hata kama ametumia neno letu bado amekosea, maana sikio la Mmaasai linasikia kitu kikubwa cha kiume.

Halafu umbo. Olalem wa kweli ni mwembamba karibu na mpini, unapanuka ukielekea nchani, na katikati umeacha mgongo unaopita urefu wote. Ukiushika unasikia uzito uko mbele, ndiyo maana unakata vizuri ingawa ni mfupi. Ala ni vipande viwili vya mti vimefunikwa ngozi na kupakwa rangi nyekundu, na unavaliwa kiunoni upande wa kulia. Siku hizi nyingi zinatengenezwa kwa springi za magari, au wanachukua panga la dukani wanalichonga upya. Hizo nazo ni olalem, msizidharau. Moran anayezivaa hajali chuma kilitoka wapi.

Wahunzi wetu ni Ilkunono. Zamani walitengwa, watu hawakuoana nao, na mtu alipaka mafuta mkononi kabla ya kushika upanga au mkuki uliotoka kwa mhunzi. Hilo nalo liandikwe kwenye lebo. Linasema mengi kuliko urefu wa chuma kwa sentimita.

#5 BintiShangani

Hodi humu. Mimi ni wa Unguja ila niko Muscat miaka sasa, nataka kusema juu ya jambia.

Kwetu nyumbani kile kisu kilichopinda cha Kiomani tunakiita jambia, bwana harusi anakivaa juu ya kanzu na joho, na kilemba. Huku Oman ukisema jambia watakuelewa, lakini watakuambia hicho ni cha Myemeni. Chao ni khanjar, ndiyo hanjari yetu. Kipo kwenye bendera ya nchi tangu 1970, kimelazwa juu ya panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 UNESCO wakakiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Wenyewe ukiwaambia zote ni sawa wanakunja uso.

Na hata hanjari si moja. Kuna ya Saidi, ya ukoo wa kifalme, ambayo mpini wake umevikwa fedha na kutanuka juu kama msalaba. Kuna ya Nizwa, kubwa. Kuna ya Sur, ndogo na nyepesi. Mtu anayejua anatazama mpini na zile pete za fedha kwenye ala, anakuambia ya wapi kabla hujafungua mdomo. Ya Saidi huwa na pete saba, za kawaida nne.

Sasa swali langu kwa mleta mada: bibi yangu wa Shangani, aliyezaliwa Unguja na kufia Unguja, alisema jambia maisha yake yote akimaanisha cha Kiomani. Na yeye alikosea?

#6 Noleo_la_Kale

Bi mkubwa hakukosea hata punje. Jambia ni jina la Waswahili kwa kisu kilichovaliwa na Waswahili. Kile kisu kikivaliwa na bwana harusi wa Unguja au Lamu, kiandikwe jambia. Kikiwa kimefuliwa Nizwa na kuvaliwa na shekhe wa Nizwa, kiandikwe khanjar. Chuma chaweza kuwa kile kile. Anayeamua jina ni mtu aliyekivaa.

Hapo kwenye mipini niongeze jambo moja linalotuhusu sana. Mipini ya thamani kubwa ya Yemen ilikuwa ya pembe ya faru, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka kwetu. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982 lakini biashara iliendelea chini chini. Ukiona tangazo la jambia la Kiyemeni lenye "mpini wa pembe" bila kusema pembe ya nini, uliza, na ujue kununua chenye pembe ya faru ni kujitafutia kesi.

#7 Muuza_Kale

Mimi niko kwenye hii biashara, acheni nadharia. Mteja wa Ujerumani anaandika "seme" kwenye simu, anatafuta. Nikiandika olalem hanipati. Nikiandika sboula badala ya Zanzibar nauza nusu bei. Watoto wanataka ada. Mleta mada utanilipia?

#8 Noleo_la_Kale

Sikulipii, ila sikuzuii pia. Andika olalem kwenye kichwa cha tangazo, na kwenye maelezo weka "katika vitabu vya wakusanyaji hujulikana kama seme". Simu itakupata kwa yote mawili. Siku hizi wanunuzi wazito wanaulizia kitu kilitoka kwa nani na wapi, na muuzaji anayejua jina la wenyewe ndiye anayeaminiwa.

Kwa la Zanzibar sina huruma. Kuuza upanga wa Morocco kama wa Unguja baada ya kuambiwa ni utapeli, iite biashara ukipenda.

#9 Wa_Muranga

Hapa Kenya pia tuko na hiyo shida bana. Kwetu Gikuyu kisu ni kahiũ, upanga ni rũhiũ, na ukisema rũhiũ rwa njora ndiyo upanga wenyewe wa vita, ule wa kwenye ala, maana njora ni ala. Angalia vile inafanana na alichosema Layoni wa Longido: mzizi mmoja, ka- ni ndogo, rũ- ni ndefu. Wajaluo wanaita upanga ligangla. Lakini ingia duka la vinyago Nairobi, zote zimepangwa ukutani na karatasi moja tu: sword ya Maasai. Hata zile zimetoka Ukambani.

#10 Mutu_wa_Bukavu

Bandugu, huku kwetu la kukatia majani tunasema mupanga, ni kama nyinyi. Ila kwa vya jadi mfano mzuri ni Wakuba wa Kasai. Kisu chao chenye umbo la jani kinaitwa ikul. Wanasimulia kwamba mfalme Shyaam, karne ya 17, alikataza kisu cha kurusha, shongo, na akaleta ikul kuwa kisu cha amani. Hata zile sanamu za wafalme wao, ndop, mfalme ameketi miguu imekunjwa na ikul iko mkono wa kushoto. Kuna ikul za mti mtupu, hazikati kitu, ni za kubeba tu mbele ya watu.

Sasa ukiandika "kisu cha vita cha Kuba" umegeuza habari yote juu chini. Wenyewe wanasimulia mwisho wa vita, wewe unaandika vita.

Na majirani wa Rwanda na Burundi wanasema inkota kwa upanga, umuhoro kwa ule uliopinda wa kukatia miti. Nazo hazichanganywi.

#11 Msomi_wa_Nyasaka

Naona wote mnakubaliana, ngoja nivuruge. "Jina la wenyewe" ni la wenyewe gani? Wachaga walikuwa wahunzi hodari, wakafua mikuki na sime nyingi zilizonunuliwa na Wamaasai. Fundi ana neno lake kwa Kichaga, mnunuzi ana lake kwa Kimaa, dalali aliyesimama katikati ana la Kiswahili. Kitu kimoja, majina matatu, yote ya Waafrika, yote ya kweli. Utaandika lipi? Ukisema la aliyekivaa, umemfuta aliyekifua. Na panga za feleji je? Nyingi bapa zake zilitoka Ujerumani, Solingen, zikavishwa mpini Oman, zikavaliwa Unguja. Hapo "asili" iko wapi?

Hoja yangu: hii kiu ya jina moja la asili ni ya wazungu hao hao. Ni wao wanaotaka kila kitu kiwe na lebo moja na kabila moja.

#12 Noleo_la_Kale

Mkuu hii ndiyo hoja bora kwenye uzi mpaka sasa.

Nakubali kwamba vitu vilitembea, na majina yalitembea navyo. Lakini hebu tofautisha. Majina matatu yaliyokuwa midomoni mwa fundi, dalali na mvaaji yote ni ushahidi wa safari ya kile kitu, yaandikwe yote matatu. "Trumbash" kwa kisu cha Mmangbetu si ushahidi wa safari yoyote ya kisu. Ni ushahidi wa safari ya kitabu. Vile vile upanga mrefu wa Sudan ambao wakusanyaji wanauita "kaskara", ilhali Msudani anausema sef. Sikatai majina kuwa mengi. Nakataa jina ambalo hakuna aliyeshika kile kitu alilitumia.

Na likibidi kutangulia moja, natanguliza la mvaaji, kwa sababu ndiye aliyekipa kazi. Bapa la Solingen lilikuwa chuma tu cha biashara. Liliposhikwa na mcheza razha, ile ngoma ya panga ya Kiomani, akalitikisa hewani hadi likatetema kama linataka kuruka, ndipo lilipokuwa upanga wa mtu.

#13 BintiShangani

Hapo kwenye kutetema umenikumbusha. Wazee huku wanasema upanga usiotetema si wa razha, ni wa kupigia picha. Bapa lazima liwe jembamba na lijae uhai. Wanaouza zile nzito kwa watalii wanajua wenyewe.

#14 Mjukuu_wa_Mgema

Wote mmekimbilia silaha za wakubwa, mmewasahau walalahoi. Babu yangu alikuwa mgema, na chombo chake kilikuwa kotama. Ni kisu kifupi, kipana, kimepinda, na makali yake si ya mchezo. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata kipande chembamba cha karara, chembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili, tembo ianze kutiririka upya kwenye kibuyu. Akikata nene anaua karara, akikata kwa kotama butu tembo inakauka. Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata bibi hakuichukua kumenyea muhogo.

Juzi nimeona moja kwenye mtandao imeandikwa "kisu cha vita, pwani ya Afrika Mashariki". Nimecheka hadi machozi. Vita na nani, na mnazi?

Na ukitaja kisu taja viungo vyake pia. Bapa ni ule ubavu, makali ni makali, ncha ni ncha, mpini, ala, na ile pete ya chuma inayobana mpini pale bapa linapoingia ni noleo, kama jina la mleta mada. Vijana wengi wananunua kisu hawajui kuna kitu kinaitwa noleo hadi kilegee, mpini upasuke.

#15 Mlinzi_wa_Ngeli

Kabla mada haijafungwa: kichwa cha uzi kinasema "panga na visu vya jadi", sawa. Ila humu ndani kuna watu wanachanganya. Upanga, wingi panga: panga hizi, za vita. Panga, wingi mapanga: mapanga haya, ya shamba. Muuzaji akiandika "mapanga ya kale ya Sultani" amemfanya Sultani mkata majani.

#16 Muuza_Kale

Hahaha, hilo nimelipokea. Sawa mleta mada, nimekusikia na wewe, niandikie basi mfano wa lebo nione. Nina sime moja, imenunuliwa kwa mzee wa Monduli, ala nyekundu imechakaa, bapa ni springi ya gari.

#17 Noleo_la_Kale

Ningeandika hivi:

"Olalem, upanga mfupi wa Kimaasai, Monduli, Tanzania. Kwa Kiswahili sime. Bapa limefuliwa kwa springi ya gari, makali pande mbili, limepanuka kuelekea nchani. Ala ya mti iliyofunikwa ngozi nyekundu, imechakaa. Ulivaliwa na mwenyewe hadi ulipouzwa. Katika vitabu vya wakusanyaji aina hii huandikwa seme."

Usiongeze "wa kuulia simba" kama mzee hakukuambia ameua simba nao.

#18 Layoni_wa_Longido

Ongeza kama ulifuliwa na Ilkunono au na fundi wa mjini, mzee atajua. Na umuulize jina la fundi, sisi tunawajua kwa majina. Hilo hakuna kitabu kilicho nalo.

#19 Muuza_Kale

Namba yake ninayo, nampigia leo jioni.